Breki Zinazojikamata na Klachi Isiyoachia: Uchambuzi wa Kisa cha Pedali za MGB ya 1972

Gari na mwenyewe

Gari ni MGB ya wazi, usukani wa kulia, iliyotoka kiwandani Abingdon, Uingereza, mwaka 1972. Lilifika Kenya zamani na limepita mikononi mwa watu kadhaa. Mwenyewe wa sasa ni mstaafu aliyevuka miaka 70, mtu mrefu, mguu mkubwa, na goti la kulia linamsumbua. Alilinunua likiwa limepakwa rangi upya na kuwekewa kapeti mpya, akiwa na nia ya kuliingiza siku moja kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance ya Nairobi. Majina, namba ya gari na mji vimeachwa. Inatosha kujua kwamba ni mji wa nyanda za juu, na kutoka nyumbani kwa mzee hadi mjini ni mteremko mrefu. Mteremko huo una nafasi yake katika kisa hiki.

MGB zilitengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980, zaidi ya nusu milioni, ndiyo maana vipuri vyake bado vinatengenezwa Uingereza hadi leo. Injini ni ya sentimita za ujazo 1,798 yenye kabureta mbili za SU. Mbele kuna breki za diski, nyuma za dramu. Klachi ni ya haidroliki, yaani inasukumwa na mafuta. Breki za gari hili la 1972 zina mfumo mmoja tu wa mafuta kwa magurudumu yote manne. Bomba moja likipasuka, breki ya mguu imekwisha na dereva anabaki na breki ya mkono.

Pedali ya breki na ya klachi zinaning'inia kwenye bolti moja ndani ya sanduku la chuma lililofungwa kwenye ukuta wa injini. Kila moja inasukuma masta silinda yake (silinda ya juu inayosukuma mafuta kwenye bomba) kwa fimbo fupi, na fimbo hiyo ina uma mwishoni unaoshikana na pedali kwa pini. Pedali ya mafuta iko peke yake, inavuta kebo. Fundi aliyezoea Toyota atatafuta sehemu yenye nyuzi na nati ya kufungia kwenye fimbo, arefushe au afupishe. Hapa hakuna. Fimbo zina urefu mmoja, ule zilioondoka nao kiwandani, na mtu akitaka kurudisha pedali mahali pake anabadilisha kilicholika. Karibu kila kosa lililofanyika kabla gari halijafika gereji yetu lilianzia kwenye kutolijua jambo hili.

Malalamiko yalivyoletwa

Mzee alikuja na sentensi moja: "Fundi, nirekebishie pedali, haziko sawa."

Tulimwomba aketi kwenye usukani na atuonyeshe, pedali moja baada ya nyingine, bila kuwasha injini. Tukapata malalamiko manne ambayo yeye alikuwa akiyahesabu kama moja.

Breki iko juu mno. Ili aikanyage lazima anyanyue goti, na goti ndilo bovu. Halafu akiteremka kwenda mjini, gari "linakuwa zito" lenyewe. Akifika chini anasikia harufu ya kuungua, na akisimama kwenye tambarare gari halisogei mpaka alikanyagie mafuta. Akiliacha nusu saa, linaachia.

Klachi inacheza sehemu ya juu bila kufanya kitu. Gia ya kwanza inaingia kwa kusukumwa, ya nyuma inalia.

Mafuta yako chini mno. Akitoa mguu kwenye breki kwenda kwenye mafuta, ni kama anashuka ngazi. Na gari halina nguvu mlimani.

La nne alilisema kwa sauti ya chini kidogo, kama mtu anayeomba ziada: kiatu chake kikanyagapo breki hugusa na pedali ya jirani.

Gereji mbili zilizotangulia

Gari lilikuwa limepita kwa mafundi wawili. Sitawataja. Wote walifanya kitu ambacho kingeeleweka kwenye gari jingine.

Wa kwanza aliitiwa klachi. Alibadilisha silinda ndogo ya chini, ile iliyofungwa kwenye nyumba ya klachi, akatoa upepo uliobaki ndani ya mafuta, akarudisha gari. Gia ziliendelea kulia.

Wa pili aliitiwa breki. Wakati huo pedali ilikuwa inashuka sana kabla ya kushika. Mpwa wa mzee alikuwa amesoma mahali kwamba MGB hurekebishwa pedali kwa swichi ya taa ya breki: unalegeza nati, unazungusha swichi, mpaka pedali ibaki na mchezo wa milimita 3.2 kwenye kikanyagio. Maelezo hayo ni sahihi kabisa, lakini ni ya magari mengine, yale yenye mfumo wa breki wa njia mbili, ambayo swichi yake inagusana na pedali. Gari hili swichi yake iko kwenye bomba la mafuta ya breki na inafanya kazi kwa shinikizo. Fundi alipoikosa swichi ya kuzungusha, akaamua kuirefusha fimbo yenyewe: akaikata, akaongeza kipande, akachomelea. Pedali ikapanda. Mzee akafurahi kwa wiki kadhaa, mpaka alipoanza kusikia ile harufu.

Uchunguzi: breki

Tulianza na breki kwa sababu ndiyo inayoweza kuua.

Kwa mkono, pedali haikuwa na mchezo hata kidogo. Ukiigusa tu, tayari inasukuma. Hiyo peke yake ni ishara mbaya. Ndani ya masta kuna tundu dogo sana linalounganisha bomba na kopo la mafuta, na tundu hilo liko mbele kidogo tu ya ukingo wa kikombe cha mpira pistoni inapokuwa imerudi nyuma kabisa. Kazi yake ni kuyapa mafuta njia ya kurudi yanapopata joto na kutanuka. Pistoni isiporudi hadi mwisho, kikombe kinaliziba. Dereva akishuka mteremko, diski zinapata moto, mafuta yanatanuka, hayana pa kwenda, yanasukuma pedi. Pedi zinaongeza moto, moto unaongeza shinikizo. Mzunguko huo hauhitaji mguu wa mtu.

Lakini breki zinazokamata zina sababu nyingine zinazofanana nayo kwa dalili: hosi ya mpira iliyovimba ndani, au pistoni za kalipa (kile kinachobana pedi kwenye diski) zilizoshikwa na kutu. Kwa hiyo hatukukimbilia fimbo. Tuliteremka mteremko ule na gari, tukalisimamisha likiwa limeshika, tukaweka magogo kwenye magurudumu, tukainua mbele kwa jeki na kuliweka kwenye stendi. Gurudumu halikuzunguka kwa mkono. Kisha tukalegeza kidogo nati ya bomba pale linapotoka kwenye masta, tambara chini yake. Mafuta yakaruka, na magurudumu ya mbele yakaachia yote mawili papo hapo.

Jaribio hili linachukua dakika chache na linajibu swali kubwa. Shinikizo likitoka kwa kufungua juu, kwenye masta, basi limefungiwa juu. Ingekuwa hosi imevimba, kufungua juu kusingesaidia. Gurudumu lingeachia tu kwa kufungua nipeli ya kalipa, ile skrubu ya kutolea upepo, iliyo baada ya hosi. Na ingekuwa kalipa ina kutu, lisingeachia hata kwa nipeli.

Tulifungua kifuniko cha sanduku la pedali, kilicho chini ya boneti, tukaona mshono wa welding kwenye fimbo ya breki. Pedali ilikuwa imegota juu kabisa. Hapo picha ilikamilika: fimbo iliporefushwa, pedali ilipanda mpaka ikakosa nafasi ya kupanda zaidi, na urefu uliobaki ukaingia kwenye pistoni.

Swali lililobaki ni kwa nini pedali ilikuwa chini hapo mwanzo, kabla ya welding. Jibu lilikuwa nyuma. Shuu za dramu za MGB hazijirekebishi zenyewe. Kwenye bamba la nyuma ya kila dramu kuna kichwa cha mraba cha kuzungusha kwa mkono. Cha kushoto kilikuwa kimeganda kwa kutu, cha kulia kilizunguka karibu mizunguko miwili kabla shuu haijagusa. Shuu zikiwa mbali na dramu, mafuta mengi ya pedali yanaishia kuzisogeza tu. Hakuna aliyetazama nyuma, kwa sababu lalamiko lilikuwa la pedali na pedali iko mbele.

Uchunguzi: klachi

Hapa tulianza chini, kwenye kipimo kimoja. Mtu mmoja alikanyaga klachi hadi mwisho, mwingine akiwa chini ya gari akapima fimbo ya silinda ndogo inasogea kiasi gani. Kwa gari hili tunatarajia karibu nusu inchi, yaani milimita 12 na nusu au zaidi kidogo. Tulipata 10 na kidogo. Hakukuwa na mafuta yaliyovuja, na kutoa upepo hakukuongeza kitu. Basi mwendo ulikuwa unapotea juu.

Pini ya pedali ya klachi ilipotoka, ilikuwa imelika mpaka ina kiuno. Tundu la pedali lilikuwa limekuwa yai. Pamoja na uma wa fimbo, mchezo wote ulikuwa milimita 2. Inasikika ndogo, mpaka uipeleke kwenye kikanyagio: tulipima pedali ya gari hili na kuona kikanyagio kinatembea karibu mara nne ya fimbo. Milimita 2 kwenye pini ni 8 mguuni. Huo ndio ule mchezo wa juu usiofanya kitu.

Lakini milimita 2 hazikutosha kueleza upungufu wote. Kipenyo cha masta ya klachi ni inchi 0.75, cha silinda ndogo ni inchi 1.25. Ukivipigia hesabu ya eneo, silinda ya chini inatembea kidogo zaidi ya theluthi moja ya masta. Milimita 2 za juu zinapunguza chini milimita 0.7 tu, na sisi tulikuwa tumepungukiwa na zaidi ya 2. Zilizobaki zilikuwa sakafuni. Aliyeweka kapeti mpya aliweka sponji nene chini yake, na mbele ya klachi akaikunja mara mbili ili ipendeze. Tulipoitoa, pedali ilishuka milimita 18 zaidi. Gawanya kwa nne, kisha kwa 2.8, uwiano wa maeneo ya zile silinda mbili: milimita 1.6. Jumlisha na 0.7. Hesabu ikafunga.

Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza pia kwa nini fundi wa kwanza hakufanikiwa. Pini ya chini, inayoshikana na mkono wa klachi, ilikuwa imelika pia, na macho ya mtu huenda huko kwanza kwa sababu inaonekana ukiwa chini ya gari. Lakini huko chini hakuna springi inayouvuta mkono wa klachi urudi nyuma. Fimbo ya silinda ndogo hubaki imesukumwa kwenda mbele wakati wote, hivyo mchezo wa pini yake hujazwa na mafuta wenyewe. Pini ya juu ikilika unapoteza mwendo. Ya chini ikilika unapoteza kidogo sana. Bado tuliibadilisha, maana haina gharama, ila haikuwa mgonjwa wetu.

Uchunguzi: mafuta

Kifupi: tulitoa vichungi vya hewa, mtu akakanyaga pedali mpaka mwisho, tukachungulia ndani ya kabureta. Vipepeo, vile vibamba vinavyofungua njia ya hewa, vilifunguka kama theluthi mbili. Kapeti ileile. Kebo nayo ilikuwa imelegea kupita kiasi, kwa hiyo sehemu ya kwanza ya pedali ilikuwa ya bure. Gari lilikuwa halijawahi kupanda mlima kwa nguvu zake zote tangu lishonewe kapeti.

Maamuzi, na sababu zake

Kwenye breki, uamuzi haukuwa na mjadala: fimbo ya kuchomelea haibaki kwenye gari, hata ikikatwa irudi urefu wake. Gari lenye mfumo mmoja wa breki halina cha kukuokoa mshono ukivunjika. Kulikuwa na mjadala kama tununue fimbo tu au masta nzima. Tulipoifungua masta, ukuta wake wa ndani ulikuwa na vishimo vya kutu. Masta mpya huja na fimbo yake ndani, imefungwa kwa klipu, kwa urefu wa kiwanda. Tukaagiza nzima. Ilipofika tuliweka fimbo mbili sambamba mezani: ya zamani ilizidi kwa milimita 4.

Uamuzi uliotugawa ulikuwa wa pini. Pini za MGB ni za inchi 5/16, sawa na milimita 7.94. Tulituma mtu Kirinyaga Road, Nairobi, akarudi na pini nzuri za chuma kigumu, milimita 8. Kijana wetu mmoja alitaka tupanue matundu yaingie 8, kazi iishe siku hiyo. Kwa hesabu ya vidole alikuwa sawa: tofauti ni unywele. Tulikataa kwa sababu moja. Masta iliyokuwa njiani kutoka Uingereza ingekuja na uma wa 5/16, na kila kipuri kitakachoagizwa baadaye kitakuja hivyohivyo. Ukishalipanua tundu moja umemfunga fundi ajaye kupanua yote, na hutakuwepo kumweleza. Tukaongeza pini kwenye oda, tukasubiri.

Tundu lililokuwa yai lilijazwa kwa welding kisha likatobolewa upya kwenye mashine, likiwa limepimwa kutoka katikati ya bushi ya pedali. Hapa welding inakubalika: pedali ni kipande kinene cha chuma, kinachojazwa ni tundu na si urefu wa kitu kinachobeba mzigo, na kazi ilikaguliwa kabla ya kurudishwa. Nalisema hili kwa sababu mzee aliuliza, na aliuliza vizuri: "Yule alichomelea mkasema ni hatari. Nyinyi mnachomelea mnasema ni sawa?" Bushi za pedali zote mbili tulibadilisha tukiwa hapohapo; ukishatoa bolti ile mara moja hutaki kurudi tena.

Kuhusu pedali ya mafuta kulikuwa na njia mbili. Mafundi wengi wa MGB hupinda mkono wa pedali usogee juu na kulia. Njia ya pili ni kufunga kibao cha aluminiamu juu ya kikanyagio. Kupinda ni safi zaidi na hakuonekani, lakini kurudisha chuma kilichopindwa hakufanyi kiwe kama zamani. Mzee analipenda gari libaki la asili, na majaji wa maonyesho huangalia asili. Tukachagua kibao, kifungwe kwa bolti mbili, kitolewe asubuhi ya maonyesho.

Jambo moja tulilikataa ingawa mzee aliliomba: kuishusha breki chini ya kiwango cha kiwanda ili goti lipumzike. Ukiishusha breki kwa kufupisha fimbo unakula akiba ya mwendo ambayo dereva ataihitaji siku mafuta yakichemka au shuu zikiwa mbali. Tulimwambia, "Mzee, goti tutalisaidia kwa kiti na kwa mafuta. Breki tuiache Abingdon ilipoiweka." Akacheka, akakubali.

Kazi ilivyokwenda

Spana zilitaka kutuharibia. Nati za gari hili ni za inchi. Nati ya spana ya nusu inchi ni milimita 12.7, na spana ya 13 inaishika kwa uongo: inaonekana imekaa, unavuta, inakula pembe. Nati mbili za masta zilikuwa zimeshaliwa pembe na waliotutangulia. Tuliazima seti ya inchi kwa mwenye MGB nyingine, na hizo mbili tukazitoa kwa patasi.

Masta mpya ya breki ikafungwa, mafuta ya breki yakabadilishwa yote, upepo ukatolewa. Kirekebishi cha nyuma kushoto kilichukua mafuta ya kutu, moto kidogo na subira nyingi. Kila upande tulikizungusha mpaka dramu ikakamata, tukarudisha mpaka izunguke bure. Hili lilifanyika kabla ya kupima urefu wa pedali ya breki. Ukigeuza mpangilio utapima pedali ya uongo.

Sponji mbele ya pedali ilikatwa. Kapeti ikabaki, ila sehemu hiyo sasa ni tabaka moja, imebanwa isitembee.

Kebo ya mafuta ilikazwa mpaka vipepeo vikafunguka kabisa pedali ikiwa chini, ikaachiwa ulegevu kidogo juu. Ulegevu huo ni wa lazima. Kebo ikibana pedali ikiwa imeachwa, injini haitashuka kwenye mwendo wake wa kutulia, na fundi mwingine ataanza kuvuruga kabureta bila sababu.

Kibao cha kwanza kilikuwa cha milimita 20. Kwenye karatasi kilikuwa sahihi, kwa sababu kiliifikisha pedali ya mafuta karibu usawa wa breki iliyokanyagwa nusu. Mzee alipoingia na viatu vyake vya kila siku, kidole kikubwa kilikanyaga breki na ukingo wa soli ukasukuma mafuta kwa wakati mmoja. Tulikichonga kikabaki 12 na tukakisogeza kulia kadiri mashimo yalivyoruhusu. Tulimwomba pia achague viatu vya soli nyembamba kwa gari hili. Hilo hakulipenda.

Matokeo

Breki ina mchezo wa milimita 4 hivi kwenye kikanyagio, halafu inashika juu na imara. Tuliteremka mteremko uleule, tukasimama chini, tukaachia: gari likajisogeza lenyewe kwenye mwinuko mdogo tu wa barabara. Tulirudia baada ya kulipandisha na kuliteremsha tena likiwa na moto. Lilibaki huru.

Fimbo ya silinda ndogo ya klachi sasa inasogea milimita 12.7. Gia ya kwanza inaingia kwa vidole. Ya nyuma bado inalia ukiiharakisha, na itaendelea kulia. Gia boksi ya 1972 ina sinkronaizi, kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, kwenye gia zote nne za mbele, haina kwenye ya nyuma. Unakanyaga klachi, unahesabu kidogo, ndipo unaingiza. Mzee alikuwa anaidai gia hiyo kitu ambacho haikupewa.

Pedali ya breki iko chini kuliko alivyoizoea, kwa karibu milimita 15, na tofauti yake na mafuta imepungua kwa pande zote mbili. Goti, kwa maneno yake, "linalalamika lakini halipigi kelele."

Kilichofanya kazi na kilichoshindwa

Kilichookoa muda zaidi ni kuyatenganisha malalamiko kabla ya kugusa spana. "Pedali haziko sawa" ilibeba kasoro ya masta, ya dramu za nyuma, ya pini, ya kapeti na ya kebo. Mafundi wawili wa mwanzo walipewa kila mmoja kipande chake na wakakitibu mahali kilipouma.

Jaribio la kulegeza bomba kwenye masta lilistahili usumbufu wake wote, hata ule wa kuteremka na gari ambalo tulijua lina kasoro. Bila hilo tungeweza kubadilisha hosi na kalipa, tukaiacha fimbo, na gari lingerudi. Linatakiwa kufanywa gari likiwa limeshika. Likishapoa halikuambii kitu.

Kipimo cha chini ya klachi nacho kinafaa kuwa cha kwanza kwa kila klachi ya haidroliki. Kinagawa gari sehemu mbili: kama fimbo inatembea inavyotakiwa na gia bado zinalia, tatizo liko ndani ya nyumba ya klachi, na hapo kwenye MGB maana yake ni kutoa injini. Kama haitembei, injini inabaki mahali pake. Tofauti ya gharama ni kubwa sana, na kinachohitajika ni rula na mtu wa pili.

Nadhani kapeti ndiyo somo lililowashangaza vijana wetu zaidi. Ilikuwa imechangia zaidi ya nusu ya upungufu wa klachi na karibu kasoro yote ya mafuta, na ndiyo kitu pekee kwenye gari ambacho kila mtu alikisifia. Magari yaliyokarabatiwa kwa ajili ya macho yana tabia hii: rangi nene inazuia milango, mpira mpya unazuia vioo, kapeti inazuia pedali.

Kilichoshindwa ni kibao cha kwanza. Tulikipima kwa pedali bila kukipima kwa kiatu. Mwendo wa kanyagio hadi kanyagio hauna maana bila upana wa mguu wa mwenye gari, na kwenye MGB nafasi upande wa kulia wa mafuta ni ndogo. Kungekuwa na busara kukata kibao cha mbao kwanza, akae, akanyage, ndipo aluminiamu ikatwe.

Kusubiri pini kulimchosha mzee, na alisema hivyo. Gari lilikaa kwenye stendi wakati pini za milimita 8 zikiwa mezani mbele yake. Bado naona uamuzi ulikuwa sahihi, lakini ulipaswa kuelezwa siku ileile ya kwanza, pamoja na makadirio ya oda, kuliko kuelezwa alipokuja kuuliza kwa mara ya pili.

Kuna mambo mawili tuliyomwandikia kwenye karatasi ya gari. Dramu za nyuma zirekebishwe kila gari linapofanyiwa sevisi, na pedali ya breki ikianza kushuka tena, fundi yeyote aanzie huko. Na mguu usikae juu ya klachi wakati wa kuendesha: beringi ya klachi ya gari hili ni ya kaboni, inasugua badala ya kuzunguka, na inaisha kwa kila sekunde inayogusana bure. Kiti tulikirudisha nyuma tundu moja kwenye reli yake. La kubadilisha sponji ya kiti ili akae juu zaidi bado hajaliamua. Mkewe anasema kichwa kitafika kwenye turubai.